Presha ipo, upepo haufiki: kusaka kasoro za kompresa na mabomba kwa kupima mwendo dhidi ya kasi ya sauti

Malalamiko yanayonifikia, kuanzia mafundi magari wa Mwanakwerekwe mpaka vijana wanaohudumia wazamiaji kule Nungwi, yana sura moja: "Fundi, geji inasoma vizuri lakini kazi haiendi." Na karibu kila anayeniita huwa ameshafanya jambo lilelile kabla sijafika. Amepandisha presha.

Nimeandika mwongozo huu ili watu waache tabia hiyo. Kupandisha presha kunaunguza umeme, kunaleta maji kwenye mpira, kunachosha tangi, na mara nyingi hakugusi kasoro yenyewe. Kasoro iko mahali pembamba, nawe hujapaangalia.

Namba moja ya kuijua kwanza

Gawa kasi ya mtiririko kwa kasi ya sauti ndani ya kitu hichohicho, mahali hapohapo. Jibu lake ndilo namba ya Mach, kwa jina la Ernst Mach, mwanafizikia aliyeishi 1838 hadi 1916 na ambaye pamoja na Peter Salcher alifanikiwa kupiga picha za mawimbi yanayotangulia risasi. Jina lenyewe la namba alilitoa Jakob Ackeret mwaka 1929.

Kasi ya sauti hewani huipati kwenye geji. Inafuata joto. Chukua 331, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya joto. Mchana wa nyuzi 30 hapa Unguja unapata takriban mita 349 kwa sekunde. Hewa ikiwa ndani ya tangi la bar 8 au ikiwa barazani, maadamu joto ni lilelile, sauti inakwenda vilevile. Wengi hukosea hapo, wakidhani hewa iliyobanwa hupitisha sauti haraka zaidi.

Namba ikiwa chini ya 0.3, unaweza kuihesabu hewa kama unavyohesabu maji, kwa sababu msongamano wake haubadiliki hata kwa asilimia 5. Ikipanda juu ya hapo, hewa inaanza kuwa na tabia zake. Ikifika 1 mahali pembamba kuliko pote, ndipo tunapoita koo, koo limekabwa.

Kukabwa maana yake ni hii. Mahali penye presha ndogo mbele hupeleka habari nyuma kwamba "huku kuna nafasi, leteni zaidi", na habari hiyo husafiri kwa kasi ya sauti. Mtazame mtu anayeogelea kuupanda mkondo. Mkondo ukilingana na kasi yake, atapiga mikono mpaka achoke, habanduki pale alipo. Vivyo hivyo habari ya mbele haivuki koo kurudi nyuma. Ukipunguza presha ya mbele, hata ukiweka utupu kabisa, koo halitapitisha hata chembe moja ya ziada.

Na hili si jambo la ndege za kivita peke yake. Hewa inayotoka kwenye tundu kwenda nje hufikia kasi ya sauti mara tu presha ya ndani ikizidi bar 0.9 kwenye geji, yaani psi 13 hivi. Tairi la gari lina psi 30 na kitu. Ukiing'oa sindano ya valvu na upepo ukapiga ule mlio, hapo kooni hewa inakwenda kwa kasi ya sauti, uwe umechutama kando ya barabara ya Amani au popote pale.

Dalili: Geji ya tangi inasoma 8, lakini mashine ya kufungulia nati haina nguvu

Hii ndiyo ninayoitiwa kuliko zote. Sababu zake, kuanzia ile ninayoikuta mara nyingi:

Kwanza ni kiungio cha kuchomeka, wanachokiita kapla. Kwa nje kinaonekana kinene, ndani tundu ni dogo, na washa yake ya mpira ikinywa mafuta huvimba na kulipunguza zaidi. Pili ni mpira mwembamba au mrefu kupita kiasi, au uliokunjika chini ya gurudumu. Tatu ni chujio lililojaa kutu na matope. Nne, regulata, kile kifaa cha kurekebisha presha. Tano, na hii ni nadra kuliko watu wanavyodhani, ni kompresa yenyewe.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Funga geji ya pili karibu na mashine, kisha ibonyeze ifanye kazi huku unaitazama. Presha iliyosimama haikwambii kitu, kwa sababu hewa isipotembea hata tundu la sindano huonyesha 8 pande zote mbili. Presha inayotembea ndiyo yenye habari.

Kuna karakana moja nilikuta kijana ameshapandisha swichi ya presha kutoka 8 mpaka 11. Akaniambia, "Ami, bado haifungui nati za gari la abiria, labda tuende 12?" Nikamwomba ashushe kwanza mpaka 8. Tulipobonyeza, geji ya tangi ilibaki 8, ya karibu na mashine ikaanguka hadi 3. Nikakata kapla na kuichungulia kwenye mwanga wa mlango. Washa ilikuwa imevimba ikageuka kama jicho lililofumba nusu, na uwazi uliobaki ulikuwa kama milimita 2.5.

Hesabu yake ni fupi. Ongeza 1 ya angahewa kwenye kila geji, kisha gawa ya mbele kwa ya nyuma. Kwake ilikuwa 4 kwa 9, yaani 0.44. Kwa tundu lililonyooka, jibu likiwa chini ya 0.53 ujue kasi ya sauti imefikiwa hapo katikati. Valvu zenye kona nyingi zina mpaka wa chini zaidi, kwa hiyo jibu likikaribia 0.5 usiape, badilisha kapla uone.

Sasa tazama alichopata kwa kupandisha presha. Koo likikabwa, kasi haiongezeki. Kinachoongezeka ni uzito wa hewa kwa kadiri ya presha kamili, yaani ya geji na ya angahewa pamoja. Kutoka 8 hadi 11 kwenye geji ni kutoka 9 hadi 12 kwa presha kamili, basi alipata theluthi moja ya ziada, tena kwa kuisukuma kompresa mpaka ukingoni. Tundu likitoka milimita 2.5 hadi 5, uwezo wake wa kupitisha unakuwa mara nne. Washa mpya iliimaliza kazi. Gari liliondoka kabla ya adhuhuri.

Kama kapla ni nzima, endelea na mpira. Lita 300 za hewa ya kawaida kwa dakika, zikibanwa kwenye mpira wa uwazi wa milimita 8 kwa presha hiyo, zinatembea mita 11 hivi kwa sekunde. Hiyo ni namba ya Mach ya 0.03, hakuna kukabwa. Mpira haukabi mapema, ila unakula presha kwa msuguano, mita baada ya mita. Ukiona presha inapungua polepole ukihamisha geji kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpira, tatizo ni urefu au wembamba. Ikianguka ghafla mahali pamoja, tafuta koo.

*Simama hapa:* usiguse kamwe skrubu ya valvu ya usalama wala kuifunga kwa waya eti inasumbua. Ikifyatuka chini ya presha iliyoandikwa, ibadilishwe na fundi wa mitungi ya presha. Na tangi letu la pwani hupigwa na chumvi: ukiona kutu inayomenyeka kama maganda, au unyevu kwenye mshono wa kulehemu, zima, toa upepo wote, usiwashe tena mpaka lipimwe. Usilehemu kiraka.

Dalili: Kompresa haipumziki

Zamani ilikuwa ikijaza na kukata, sasa inanguruma kutwa. Kwa kawaida ni uvujaji. Funga koki zote za matumizi, jaza, zima, kisha tazama saa. Tangi la lita 200 likishuka bar 1, limepoteza lita 200 za hewa ya kawaida. Kama imechukua dakika 4, unavujisha lita 50 kila dakika, usiku na mchana.

Tundu la milimita 2 pekee, likiwa na bar 7 nyuma yake, hupitisha karibu lita 300 kwa dakika, kwa sababu hewa inatoka hapo kwa kasi ya sauti na tundu lolote chini ya presha hiyo ni koo. Kompresa nyingi ndogo haziwezi kutoa kiasi hicho. Hata ile namba iliyobandikwa ubavuni mara nyingi ni ujazo wa pistoni, na upepo unaotoka kweli ni pungufu.

Paka maji ya sabuni kwenye viungo, kuanzia kapla, kisha koki ya kutolea maji chini ya tangi, kisha valvu ya kuzuia upepo kurudi. Povu litakuonyesha.

Kama wanapiga mchanga kusafisha chuma au boti, kagua nozo, yaani mdomo wa kutolea upepo, kabla ya yote. Mchanga unaila. Nozo ya milimita 6 ikiliwa mpaka 8, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 78, na hewa inayohitaji nayo vilevile, maana hapo koo limekabwa muda wote. Nozo nzuri za kazi hii hubana kisha zikatanuka, na kule kwenye kutanuka hewa huipita kasi ya sauti. Umbo hilo ni la Gustaf de Laval wa Sweden, aliyelitumia kwenye tabo (turbini) za mvuke miaka ya 1880. Nozo iliyoliwa umbo haiwezi kuongeza kasi kwa mpangilio huo, hata ukiipa upepo wa kutosha.

Dalili: Mlio mkali unaochoma masikio

Upepo unaotoka kwenye tundu jembamba kwa presha kubwa hauishii kwenye kasi ya sauti. Ukishatoka nje bado una presha kuliko hewa iliyouzunguka, hivyo hutanuka, hupita kasi ya sauti, kisha hupunguzwa kasi na mawimbi ya mshtuko, tena na tena, hatua fupi fupi. Mlio unaousikia unatoka huko.

Ukitoka kwenye bunduki ya kupulizia vumbi, sababu ya kawaida ni presha iliyozidi. Shusha. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka presha ya kusafishia isizidi psi 30 nozo ikizibwa, na sijaona vumbi la gereji linalohitaji zaidi. Ukitoka kwenye valvu ya usalama, swichi ya presha imekufa: zima umeme kwanza ndipo uulize. Ukitoka mahali usipopajua, tumia sabuni.

*Simama hapa:* usitafute uvujaji kwa kiganja wala kidole, na msipulizane vumbi nguoni. Upepo unaweza kupenya ngozi. Mtu akichomwa na upepo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mbu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na aeleze ni upepo wa presha. Vijana hupulizana kwa mchezo mwisho wa kazi. Tafadhalini, wenye karakana, likomesheni hili.

Dalili: Upepo unatema maji, rangi inatoka na madoa

Hapa wa kulaumiwa kwanza ni hali yetu ya hewa. Siku ya masika yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa inabeba gramu 24 za maji. Ibane mpaka presha kamili ya 8 na uiache ipoe, itaweza kushika chini ya gramu 4 tu. Zilizobaki, gramu 20, zinadondoka. Kompresa ya lita 200 kwa dakika inavuta mita 12 za ujazo kwa saa. Hiyo ni robo lita ya maji kila saa, ndani ya tangi lako la chuma.

Kwa hiyo fungua koki ya chini kila jioni, na wakati wa masika hata mchana. Kisha angalia chujio la maji: wengi hulifunga mdomoni mwa tangi, hewa ikiwa bado moto, ambapo maji ni mvuke na yanapita bila kuonekana. Lisogeze mbele, baada ya mita kadhaa za bomba lenye mteremko.

Sababu ya tatu ni koo. Hewa ikikimbia hupoa, kwa sababu nguvu ya mwendo inatoka kwenye joto lake. Iliyokuwa nyuzi 30 tangini, ikifika kasi ya sauti kooni joto lake ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndiyo maana unaona ukungu mweupe ukifungua koki ghafla. Na kwa kuwa kasi ya sauti inafuata joto, hapo kooni si 349 tena, ni 318 hivi. Ukiigawa kasi ya kooni kwa sauti ya nje, utapata chini ya 1 na kudhani bado kuna nafasi. Nimewaona wanafunzi wazuri wakikwama hapo hapo.

Kwa rangi ya gari, punguza mianya midogo njiani ili presha ishuke mahali pamoja tu, kwenye regulata, na chujio liwe kabla yake.

Dalili: Bomba la maji linapiga kishindo ukifunga koki

Hili linatoka kwenye nyumba za wageni za pwani ya mashariki, zenye pampu na matangi ya juu. Utauliza, kasi ya sauti inaingiaje kwenye maji ya kuoga?

Jaza ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa nusu dakika kutoka kwenye bomba lenye uwazi wa milimita 20, maji yanakwenda mita 2 na kidogo kwa sekunde. Sauti ndani ya maji yaliyomo kwenye bomba la chuma inakwenda mita 1,200 hivi. Namba ya Mach ni kama 0.002, na mtu angesema haina maana. Lakini maji yana msongamano mkubwa na hayataki kubanwa. Ukiyasimamisha ghafla, presha inaruka kwa kiasi cha msongamano mara kasi ya sauti mara kasi uliyoikata, kama Nikolai Joukowsky alivyoonyesha Moscow mwaka 1898. Mita 2 kwa sekunde kwenye bomba la chuma ni bar 24 juu ya zile zilizokuwamo. Kwenye bomba la plastiki la PVC, ambalo hutanuka na kuipunguza kasi ya wimbi mpaka kama mita 400, ni bar 8.

Chunguza kwa mpangilio huu. Koki za kugeuza robo ndizo za kwanza. Zifunge taratibu uone kama kishindo kinakufa. Kufunga "ghafla" ni kufunga kabla wimbi halijaenda na kurudi: bomba la PVC la mita 60 linahitaji sekunde 0.3, la chuma 0.1. Kadiri bomba lilivyo refu ndivyo unavyotakiwa kuwa mpole. Pili, mabomba yasiyoshikwa ukutani. Tatu, valvu ya kuzuia maji kurudi inayobamiza pampu ikizima. Nne, chombo cha presha cha pampu kimepoteza upepo wake. Ukikigonga kinalia kizito kila mahali, kimejaa maji.

Ukisikia kishindo hata koki zikiwa zimefungwa, au viungo vinavuja upya kila wiki, mwite fundi bomba mwenye geji ya kurekodi kilele. Ukuta ukishafunikwa vigae, kiungo kinachopasuka ndani yake ni gharama nyingine kabisa.

Mbili ambazo sauti inasingiziwa

Propela ya boti inayopiga kelele na kutetemeka huku boti haiendi. Ncha yake huenda labda mita 30 kwa sekunde, wakati sauti kwenye bahari yetu yenye joto inakwenda zaidi ya 1,500. Hakuna kukabwa hapo. Ni maji yanayochemka kwa presha kushuka nyuma ya bapa, au hewa inayonyonywa kutoka juu. Tazama kama bapa limepinda au injini imekaa juu mno.

Na mtungi wa kuzamia uliojazwa 200 ukasoma 189 baada ya kupoa. Ukijazwa haraka hupata moto. Kutoka nyuzi 45 kushuka 28, tofauti hiyo ni ya joto, hauvuji. Ujazeni polepole. Ukiendelea kushuka siku ya pili, hapo unavuja, na kazi ya valvu ya bar 200 mwachieni aliyefunzwa. Mtungi wenye bonde, kutu, au tarehe ya kupimwa iliyopita usijazwe. Wala msiulete mtungi wa kuvutia pumzi kwenye kompresa ya gereji, hata kama viungio vinaoana: mafuta na moshi vinavyoingia humo havionekani kwenye geji yoyote, na mzamiaji hatavijua mpaka yuko chini.